Visu vya Shemeji

Zawadi za matangazo nazidharau tangu zamani, na sioni haya kusema. Kalamu inayokauka kabla hujamaliza kuandika jina lako. Kofia inayochuja rangi ukitoka jasho, mpaka paji la uso linageuka kijani. Kalenda yenye picha ya mwenye duka anacheka, imetundikwa ukutani mwaka mzima, anakutazama ukila kama vile umemkaribisha mezani. Mtu anakupa kitu chenye jina lake, anataka umshukuru, halafu anataka utembee mjini ukimtangaza bure. Mwizi angalau hadai asante.

Sasa nicheke mwenyewe kabla hujanicheka, maana mimi ndiye niliyeketi kuchagua visu vya kampuni ya shemeji yangu.

Kwanza nieleze ni mtu gani alipewa kazi hiyo. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nimezaliwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa mji huu, nyumba hii hii, nikamaliza sekondari kwa kusukumwa, na tangu siku hiyo sikuona sababu ya kwenda mbali kuliko duka la mkate pale kwenye kona. Sijaoa. Watu wakiuliza kwa nini, nawaambia ukweli: kuoa kunahitaji kutoka nje.

Mdogo wangu wa kike yeye alitoka nje, akaolewa na mtu mwenye duka la vipuri vya malori kule Rohero, katikati ya mji. Vipuri hapa kwetu tunaviita piyesi. Shemeji alinihurumia akanipa kazi ya kupokea simu za wateja, na akanifanyia hisani kubwa kuliko anavyojua: aliniacha nizipokelee nyumbani. Fundi anapiga, anasema, "Wee, ile filta ya mafuta iko?" Nampigia mtu wa stoo, anasema iko. Nampigia fundi, namwambia iko. Hiyo ndiyo kazi yangu yote. Naifanya nimevaa kandambili na kikoi, kikombe cha chai ya tangawizi kando, na kando ya kikombe yupo mama.

Mama magoti yamemchoka, macho yake hayaoni maandishi madogo, na masikio yake yanasikia anachotaka yasikie. Tunaketi wote wawili barazani kutwa nzima. Mimi nashika simu, yeye anachambua mchele na kuwasema wapita njia. Yule kavaa nini. Huyu anakwenda wapi na haraka hiyo wakati hana kazi. Ningeweza kuishi hivyo mpaka mwisho, na nilikuwa nimepanga iwe hivyo. Mtu akiniuliza kwa nini sitafuti kazi kubwa zaidi, nilikuwa na jibu moja tayari mdomoni: mama hawezi kukaa bila mimi.

Basi asubuhi moja shemeji akaja. Shemeji ni mtu wa shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola za ndani. Alikulia Mutanga Sud, mtaa wa wenye nafasi, akasoma kwa Kifaransa, nyumbani kwao ni Kirundi, na Kiswahili alikijifunza dukani kwa sababu mafundi hawanunui filta kwa Kifaransa. Alimsalimia mama kwa mbali na kwa adabu, kama mkwe anavyopaswa, akakaa ukingoni mwa kiti, akanisogezea simu yake.

"Shemeji, mwaka huu hakuna kalenda," alisema. "Kalenda ni ya maduka ndogo. Mwaka huu tunatoa visu."

"Visu?"

"Visu ya kukunja. Na hizi, angalia, za wateja wakubwa. Moja iko na kila kitu. Koleo, bisibisi, kifungulio, musumeno."

Alifungua katalogi kwenye simu, akawa anavuta picha kwa kidole kama mtu anayeonyesha picha za watoto wake. Niliutazama ule msumeno. Ulilingana na kidole changu cha mwisho.

"Msumeno huu ni wa kukata nini?"

"Miti."

"Miti gani, shemeji? Ya kuchokolea meno?"

Hakucheka. Shemeji hacheki anapokuwa kazini, na kwake kila mahali ni kazini. Alinieleza kwamba huko duniani kampuni kubwa zote zinatoa visu vilivyochongwa jina. Kisu, alisema, mtu hakitupi. Kinakaa mfukoni miaka na miaka, na kila akikitoa anakuona wewe.

"Na akikitoa baa amekasirika, anakuona wewe pia," nilisema.

"Shemeji, achana na mizaha. Nataka unisaidie kuchagua. We unajua mafundi wa Buyenzi, unaongea nao kutwa."

Halafu akasema kile kilichoninyima usingizi siku zote zilizofuata. Alisema kwamba mwakani anafikiria kufungua tawi mji wa Gitega, kule juu milimani. Kama hivi visu vitaleta wateja, atafungua. Na mkuu wa tawi atakuwa mimi.

"Na mama?" niliuliza haraka.

"Mama atakuja kwetu Kibenga. Nyumba ni kubwa, upepo wa ziwa, watoto watamfurahia."

Watoto wa Kibenga nawajua. Ni watoto wazuri, wanamsalimia bibi yao kwa Kifaransa, naye anawajibu kwa Kiswahili, halafu pande zote mbili zinatabasamu mpaka dada yangu, mama yao, aje kuwatenganisha. Nilimwona mama yangu, kichwani mwangu, kwenye sofa ile nyeupe ya Kibenga, amekaa kimya, hana mpita njia wa kumsema. Mama mwenyewe alikuwa anachambua mchele wake kama vile hakusikia.

Kwa hiyo nilijikuta katika hali ya ajabu. Nilipewa kazi ya kuchagua zawadi nzuri, na ikiwa nzuri, mimi naondolewa nyumbani. Mtu mwingine angechagua mbaya makusudi. Mimi sikuhitaji hata kusumbuka. Katalogi ile haikuwa na nzuri.

Kulikuwa na kisu chekundu chenye vyuma vingi, na katikati yake chuma kilichojipinda kama mkia wa nguruwe, cha kufungulia chupa za mvinyo. Shemeji alikipenda sana. Nilimkumbusha kwamba nusu ya wateja wake wanaswali swala tano, na nusu nyingine hunywa bia, ambayo kizibo chake ni cha bati. "Mvinyo wa wapi, shemeji? Hapa garaji wanafungua Fanta kwa meno." Kulikuwa na kingine cheusi, kina meno mgongoni, kinafanana na vile vya askari. Hicho nilimwambia akitoe haraka kwenye simu, maana katika mji huu ukipita kwenye kizuizi cha polisi na mfuko wa visu kama vile, hakuna atakayekuuliza habari za filta. Kulikuwa na chenye mpini wa mti, kizuri kweli, na hicho shemeji alikipita bila kusimama kwa sababu, alisema, kinafanana na kisu.

Akaagiza mifano miwili, ule wa koleo nikampelekea jirani yetu fundi, ambaye muda wote yuko chini ya lori mbele ya nyumba yake, miguu tu inaonekana. Nilizungumza na miguu.

"Fundi, shemeji yangu anataka ujaribu kifaa."

Mkono ukatoka, ukachukua. Halafu fundi mwenyewe akatoka, uso wote oili, akakitazama kwenye kiganja chake. Kiganja kilikuwa kikubwa kuliko kifaa.

"Hii ni ya mutoto?"

"Ni ya mteja mkubwa."

Alikifungua kile kikoleo, akakibana kwenye nati ya gurudumu, akasukuma kidogo tu, kama mtu anayefungua mlango wa mgonjwa. Mdomo wa koleo ukapinda. Akakikunja tena kwa upole, akanirudishia.

"Mwambie shemeji yako asante. Nitakatia kucha."

Nilimpelekea shemeji maneno hayo kwa furaha ambayo sikuificha vizuri. Akasema fundi alitumia nguvu.

"Ni fundi wa malori, shemeji. Ulitaka atumie nini? Dua?"

Haikusaidia. Alikuwa ameshapenda, na mtu aliyependa bidhaa ya katalogi hasikii. Vikoleo vyenye kila kitu kwa wateja wakubwa, visu vya kukunja kwa wengine. Kukabaki maneno ya kuchonga juu ya chuma.

Jina la duka peke yake halikumtosha. Alitaka neno la kugusa moyo, na alilitaka kwa Kiswahili, tena si hiki chetu. "Ile Kiswahili safi ya Tanzania," alisema, kwa sababu siku hizi madereva wa kutoka upande ule nao wananunua kwake. Alikuwa amesikia redioni tangazo la benki, tunakua pamoja, na likamwingia. Hapa mjini neno kukua hatulitumii sana. Mtoto akiwa mkubwa tunasema amekomea, na wenye Kirundi wanaingiza gukura yao. Lakini neno ni zuri, halina kosa, na nikamtumia kwenye simu jinsi linavyoandikwa: TUNAKUA PAMOJA. Yeye akaenda kwa mchongaji, kijana mmoja mwenye mashine ya mwanga katika moja ya zile galeri za Rohero, majengo ya vijiduka vilivyobanana, anayechonga majina kwenye kalamu za maharusi.

Maboksi yakaletwa kwetu, kwa sababu mimi ndiye niliyepangiwa kufunga na kugawa. Shemeji alikuja nayo mwenyewe. Nikafungua la kwanza, nikatoa kisu kimoja, nikakisogeza kwenye mwanga. Kilikuwa kinang'aa, kimekaa vizuri mkononi, na kwenye mpini wake wa chuma kilikuwa kimeandikwa kwa herufi kubwa, safi kabisa:

TUNAKUUA PAMOJA.

Nilisoma tena. Nikatoa cha pili. Nacho kilikuwa na nia ile ile.

"Shemeji," nilisema, "umeongeza nini hapa?"

"Ah! Umeona!" Alifurahi kweli. "Nilikukosoa kidogo. Kiswahili inapenda voyeli mbili mbili. Saa. Kaa. Kufaa. Kuuza! Mi nauza kila siku, kuuza iko na u mbili. Sasa kukua itakosa je? Ukiandika u moja inaonekana masikini."

"Mchongaji hakukwambia kitu?"

"Aliniuliza, patro, bosi wangu, uko sure? Nikamwambia we chonga, mi ndio nalipa."

"Shemeji, kuua ni kuua. Tunakuua. Wewe, mteja, tunakuua. Na umekiandika kwenye kisu."

Alinitazama kama ninavyomtazama mtu anayenieleza faida za kutembea asubuhi.

"We Kiswahili yako ni ya Buyenzi," alisema. "Hii ni ya Tanzania."

Nakiri hapo damu ilinipanda. Mtu anaweza kuudharau ukoo wangu, kazi yangu, kandambili zangu. Lakini Kiswahili cha Buyenzi nilikinyonya, na huyu alikinunua dukani pamoja na filta. Nikapandisha sauti. Naye akapandisha. Tukawa tunapigania irabu moja kama watu waliogongana kwa pikipiki.

"Nini hicho mnachogombea?" mama aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

Shemeji alisimama mara moja. Hapo lazima nimpe haki yake: adabu za ukwe anazijua. Kwao mwanaume hasemi ovyo mbele ya mama mkwe, hali kwa pupa mbele yake, hata kumtazama usoni anajizuia. Alikichukua kisu kimekunjwa, akakishika kwa mkono wa kulia na wa kushoto ukishikilia kiwiko, akainama, akampa.

"Ni zawadi, mama. Ya wateja. Lakini cha kwanza ni chako."

"Ahsante, baba. Kimeandikwa. Kinasemaje? Macho yangu hayasomi herufi za sisimizi."

Shemeji alijiweka sawa. Alitaka kunionyesha mimi, nadhani, jinsi Kiswahili cha Tanzania kinavyotamkwa. Akazivuta u zote mbili, hakuacha hata moja, na sauti yake ilikuwa ya mtu wa redio.

"Mama," alisema, "tunakuuua pamoja."

Barabarani pikipiki ilipita. Mama aliweka ungo wake chini.

"Mnaniua," alisema. "Wewe na nani?"

"Apana, mama..."

"Umesema pamoja. Wewe na nani, mkwe wangu? Na binti yangu?"

"Apana, apana, mama, pardo, samahani, siyo weye. Ni ya wateja!"

"Ahaa. Mnaua wateja." Mama alikifungua kisu, akajaribu makali kwa kidole gumba, akakifunga. "Basi mimi mmenipa tu nishuhudie."

Uso wa mama ulikuwa mtulivu kabisa. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa kikoi. Shemeji wangu, mtu anayeweza kubishana na afisa forodha mpaka afisa aombe maji, alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akaikuta ngazi kwa kisigino, akaaga hewani, akaondoka bila chai. Nadhani alipofika kwenye gari ndipo alipolisikia neno lenyewe masikioni mwake. Kumwambia mama mkwe unamuua, uso kwa uso, umesimama nyumbani kwake, na kisu umempa wewe. Asubuhi yake dada yangu alikuja na mchele, sukari na kitenge cha kuomba radhi. Mama alivipokea vyote kwa huzuni kubwa, na dada alipogeuka akanikonyeza.

Nikajua yamekwisha. Visu havigawiki, wateja hawaji, Gitega haifunguliwi. Nilikunywa chai yangu siku hiyo kama mtu aliyerudishiwa hati ya nyumba.

Lakini mtu wa duka hatupi bidhaa. Shemeji alipiga simu akiwa na sauti ya ushindi. Kununua vingine, apana. Amepata dawa. Mchongaji ataifunika ile u ya ziada kwa picha ndogo ya gurudumu, nyeusi, ya duara, na biashara yenyewe ni ya malori, kwa hiyo inapendeza mara mbili. Hakuningoja niseme kitu. Maboksi yalichukuliwa, yakaenda Rohero, yakarudi.

Nikafungua. Gurudumu lilikuwa limechongwa vizuri, la mviringo, ukubwa ule ule wa herufi, limekaa barabara mahali pa u ya ziada.

TUNAKUOA PAMOJA.

Nilikaa chini. Halafu nikampigia.

"Shemeji, sasa tunawaoa."

"Nani?"

"Wateja. Wote. Soma."

"Mutu anaona gurudumu," alisema.

"Mtu anaona o."

"Ni mupira wa gari!"

"Ni mpira wa gari ulioketi kwenye neno, shemeji. Mtu akisoma hashuki kwanza kukagua matairi."

"Oa, ua, kua," alisema, na mara hii alikuwa amechoka kweli. "Kiswahili yenu haina herufi za kutosha. Gawa."

Nikagawa. Yaani nilitoka nje. Nilivaa viatu, jambo ambalo fundi jirani alilitangaza kwa sauti mtaa mzima kabla sijafika kwenye mtaro. Nilizunguka garaji za Buyenzi na mfuko wa visu begani, natoka jasho, nawachukia shemeji, mchongaji, na yule mtu wa kwanza duniani aliyewaza kuchonga jina lake kwenye mali ya mwenzake. Kila niliposimama nilitoa zawadi nikiwa nimetazama pembeni.

Garaji ya kwanza, mkubwa wao alisoma, akarudia kusoma, akawaita wenzake.

"Tunaolewa!"

"Na nani?"

"Na patro wa piyesi. Wote pamoja. Iko hapa, imeandikwa."

"Mahari iko wapi?" mmoja akaniuliza. "Kisu tu? Mi mama yangu hatakubali."

"Mi niko na bibi tayari na watoto," mwingine akasema, "lakini mwambie patro nitafikiria."

Kila garaji ilikuwa na utani wake, na utani ulikuwa unanitangulia. Niliporudi kwetu jioni, fundi jirani alikuwa ametoka chini ya lori lake makusudi kunisubiri.

"Jirani! Umri wote huo umeshindwa kuoa mwanamuke moja. Leo umeoa garaji muzima!"

Nilidhani hiyo ndiyo fedheha yenyewe, na kwamba imefika mwisho. Sikujua biashara ilivyo kitu kisicho na aibu. Kesho yake mafundi walianza kwenda Rohero kumtazama bwana harusi. Walioitwa wachumba walitaka kumwona mume. Waliokosa kisu walitaka kisu, na kwa kuwa mtu haingii dukani mikono mitupu, walinunua filta, walinunua mkanda wa feni, walinunua brekipedi. Simu yangu ikawa hailali. "Wee, muambie mume wetu, ile taa ya nyuma iko?" Madereva waliobeba visu kuvuka mpaka walirudi na wenzao. Hakuna aliyekata kitu kwa visu vile, hakuna aliyefungua nati. Wote walivitoa mfukoni kwa ajili ya kusomeana tu.

Na shemeji? Shemeji alisema alipanga.

"Maketingi, shemeji," aliniambia, ameketi ukingoni mwa kiti kile kile, kola zake zimesimama. "Mutu lazima acheke ndio akumbuke. Mi niliiona mbali."

Niliwahi kuwadharau watu katika maisha yangu, tena nikiwa nimekaa, bila kutoka jasho. Lakini dharau ya siku ile ilikuwa na ladha ya pekee, kwa sababu haikuwa na pa kwenda. Mjinga alikuwa amefaulu. Mimi, niliyejua herufi zote na mahali pake, nilikuwa nimembebea mfuko.

"Kwa hiyo Gitega," akasema. "Duka nimeshapata. Mwisho wa mwezi unaanza."

Nikaweka chini kikombe. Nilikuwa nimejiandaa kwa saa hiyo, nikatoa hotuba yangu yote. Nilisema nashukuru. Nilisema heshima ni kubwa. Lakini, nilisema, mimi si mtu huru. Nina mama. Magoti yake anayajua mwenyewe shemeji. Kibenga atakuwa mpweke, hatuwezi kudanganyana. Nani atamchemshia tangawizi? Nani atamsomea dawa? Mwana hawezi kumwacha mama yake katika umri huu kwa ajili ya cheo. Sauti yangu ilitetemeka mahali pazuri, na shemeji alianza kutazama viatu vyake.

"Gitega kuna baridi?" mama aliuliza.

Tulimgeukia wote wawili.

"Ndiyo, mama," shemeji akasema. "Baridi nzuri. Jioni mutu anavaa sweta."

"Sweta," mama akasema, kama mtu anayetaja chakula alichokiacha utotoni. "Na wale Waswahili wa kule bado wapo? Mtaa wao ule wa msikitini?"

"Wako, mama."

"Mdogo wangu yuko pale. Tangu aolewe sijakanyaga kwake." Alipangusa pumba kwenye mapaja yake. "Basi tafuta nyumba mtaa huo huo. Isiwe na ngazi. Iwe na baraza inayotazama barabara. Mi nakwenda naye."

"Mama," nilisema, "magoti..."

"Magoti yanauma kwa joto hili na kwa kukaa. Nani kakwambia yanauma kwa kwenda?"

"Lakini mama, hii nyumba. Mimi nilifikiri hutaki kuondoka."

Mama alinitazama. Mara hii hakukuwa na kejeli katika sauti yake.

"Mimi?" alisema. "Mwanangu, mimi nimekaa hapa kwa sababu yako. Kila mtu anayepita hapo mlangoni unamwambia mama hawezi bila mimi, mama hawezi bila mimi. Nikasema haya, maskini, nikimwacha atakula nini. Dada yako ameniita mara ngapi, huko Gitega wameniita mara ngapi. Nikawaambia mtoto wangu hawezi kubaki peke yake."

Shemeji, ambaye tangu siku ile ya kisu alikuwa hawezi kumkatalia mama hata pumzi, alikwisha kutoa simu yake na kutafuta nyumba. Isiyo na ngazi, alirudia kwa sauti ya chini. Yenye baraza. Mama akamwongezea jiko la nje. Akamwongezea choo cha kukaa. Shemeji aliitikia yote, ndiyo mama, ndiyo mama, na mimi nilikuwa nimekaa katikati yao na hotuba yangu, hakuna aliyeihitaji.

Mwisho wa mwezi gari la duka lilikuja. Nilipakia magodoro, sufuria, ungo, mitungi. Nilipakia polepole sana. Fundi jirani alisaidia, na alitania mpaka alipofika kwa mama, hapo akapangusa oili mikononi, akampa mkono wa kwaheri. Nilifunga mlango, nikaujaribu, nikaufungua tena kuona kama jiko limezimwa, nikaufunga. Nilipogeuka mama alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, mkanda amefunga, kitenge kile cha radhi kimempendeza, dirisha ameliteremsha lote.

"Mama, hapo ndipo mimi..."

"Wewe kaa nyuma na sufuria."

Nikakaa nyuma na sufuria. Gari likapanda, mji ukaanza kubaki chini pamoja na ziwa lake, na kwenye kona ya kwanza ya mlima hewa ikaingia dirishani, tofauti kabisa na hewa niliyoizoea. Watu walikuwa wanatembea ukingoni mwa barabara na mizigo yao ya makaa na ndizi. Mama aliinama kuelekea dirishani.

"Yule naye," akamwambia dereva, "kavaa nini?"

Dereva akacheka. Mimi niligeuka kutazama tulikotoka. Nikageuka tena. Sufuria zikagongana.

"Acha kugeukageuka huko nyuma," mama alisema bila kunitazama. "Unatupigia kelele."